Kucheka Kabla ya Kupima

Soma Mithali 18:13 na Matendo 17:11.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Tanga, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye jokofu yakiwa bado ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake, yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa.

Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni wa shule, Dk. Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka. Osborne naye alitilia shaka, lakini aliahidi kujaribu, na jaribio likafanyika. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo. Hata leo wanasayansi hawajaafikiana juu ya jambo hilo.

Je, kutilia shaka ni dhambi? Mwalimu alitilia shaka, na Osborne pia. Lakini mmoja alihukumu kabla ya kupima. Mwingine alipima kwanza. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuchunguza hata mafundisho ya Paulo. Kupima si kukosa imani. Ni kumheshimu aliyeshuhudia.

Butimba kuna chuo cha ualimu, na kila kiongozi wa Shule ya Sabato naye ni mwalimu. Kijana akiuliza swali linaloonekana la kijinga, darasa linaweza kumnyamazisha au kufungua Maandiko pamoja naye. Akinyamazishwa, huenda asiulize tena, na darasa halitajua kamwe kama aliona kweli.

Tafakari: Ni swali la nani lililochekwa darasani mwenu? Nani atamrudia Sabato hii?