Wafu wa Niemba Wasio na Majina

Tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walivamiwa na wapiganaji wa Kiluba kwenye daraja la mto Luweyeye, karibu na Niemba, kaskazini mwa Katanga nchini Kongo. Tisa waliuawa. Leo mwenye simu na intaneti anapata majina yao yote, picha zao na habari za mazishi yao Dublin. Akiwatafuta Waluba walioanguka siku ileile, aghalabu anakuta idadi ya kukisia tu. Vivyo hivyo kwa wanavijiji waliouawa miezi iliyotangulia, pale majandarme wa Tshombe, kiongozi wa Katanga, walipochoma vijiji vya Waluba waliokataa Katanga ijitenge na Kongo. Na bila moto ule, hasira ya darajani haieleweki. Basi swali ni la haki kabla ya kuwa la teknolojia: wafu wasioandikwa wanatudai nini, wakati huu historia inaposomwa na mashine?

Jibu langu ni kwamba deni limekua. Mtafiti aliyepekua makaratasi kwa mkono alilazimika kujiuliza ni nani aliyeyaandika, na kwa nini. Programu inayohesabu maneno katika maelfu ya kurasa haijiulizi hayo. Hutoa jibu lenye sura ya ukamilifu, na aliyeandika sana akaonekana ndiye aliyeona sana. Mtu atapinga akisema kwamba hifadhi za nyaraka za Ulaya zilikuwa ngumu kufikiwa na Wakongo, na sasa mwanafunzi wa mji wa Kalemie anaweza kusoma sehemu yazo bila viza. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini kumfungulia kabati la aliyeandika hakumpi sauti ambaye hakuandika.

Wengine watasema wazee wa Kiluba hawawezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa kumbukumbu zao si za kutegemewa baada ya miaka mingi hivi. Mbona basi tunategemea za askari? Anthony Browne, mmoja wa wale tisa, mwili wake ulipatikana mwaka 1962, na jinsi alivyokufa imebishaniwa tangu hapo. Kila ushahidi hupimwa kwa mwingine. Shida ya Niemba ni kwamba upande mmoja hauna cha kuwekwa kwenye mizani. Na hilo linarekebishika. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, kisha ikawekwa kwenye intaneti, Kiswahili chake kikiwa palepale. Teknolojia ileile inayokuza pengo iliwafikisha wapishi na maboi mbele ya wasomi wa dunia.

Aliyekuwa na miaka 15 siku ile ya Luweyeye sasa ana takriban miaka 80. Walimu na wanafunzi wa Kalemie na Lubumbashi, nendeni mkawarekodi wazee hao, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, kwa ridhaa yao, na nakala moja ibaki Niemba. Nendeni mwaka huu.