Je, Kutaja Maradhi ya Ukoo ni Kusengenya?

Ndugu mmoja wa darsa yetu, mfanya biashara aliyehamia Meru mjini tangu ujana wake, ametuletea suali ambalo tumelijadili siku tatu baada ya sala ya Isha, wala hatukuafikiana sote. Twaliandika hapa kwa kuwa twajua limo katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu, ila halisemwi.

Khabari yake ni hii. Kijana wa dada yake, mwenye miaka kumi na saba, alipatwa utotoni na homa ile ifuatayo maumivu ya koo yasiyotibiwa, na kilango kimoja cha moyo wake kikaharibika. Madaktari wakaamua apasuliwe Nairobi. Kabla ya kuwekwa siku, tabibu aliwauliza jamaa: Katika ukoo wenu yuko aliyeugua mafigo? Bibi mkubwa wa nyumba, ambaye ni mama wa ndugu yetu huyu na nyanya wa kijana, akajibu upesi: Hapana. Ilhali wote waliokuwapo walijua kwamba mwanawe mwengine alikufa Embu baada ya kusafishwa damu kwa mashine kwa muda wa mwaka mzima, na kwamba mumewe, kabla ya hapo, alivimba uso na miguu akafa hali bado hajazeeka. Walipotoka nje akaulizwa mbona amekana. Alitoa hoja mbili: kwamba maiti hasemwi, na kwamba nyumbani wako wasichana wawili wanaoposwa.

Kabla ya kuzipima hoja zake yatupasa tujue tabibu aliuliza kwa nini. Moyo ukifunguliwa ili kutengenezwa kilango husimamishwa, na damu huendeshwa na mashine inayoshika kazi ya moyo na ya mapafu. Aliyefaulu kwanza kumpasua mtu kwa mashine hiyo ni John Gibbon, huko Philadelphia, mwezi wa Mei 1953. Tangu hapo maelfu kwa maelfu wameokoka kwa njia hiyo. Lakini katika saa zile mafigo hayapati damu kwa mpigo wake wa desturi. Baadhi ya chembe za damu huvunjika zikipita katika mipira, na mabaki yake ni mzigo kwa figo. Tena mwili wote huingiwa na harara kama aliyejeruhiwa. Figo ni kiungo chenye kiu ya hewa safi, na sehemu yake ya ndani huishi kwa akiba ndogo sana. Basi si ajabu kwamba wengi huamka moyo umetengenea na mafigo yamedhoofika. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024, wagonjwa 3,511 waliopasuliwa moyo kwa mashine hiyo waligawiwa mafungu mawili. Fungu lisilopewa dawa iliyokuwa ikijaribiwa, 31.7 kwa mia walipata madhara ya mafigo. Na waliotiwa maji yenye chembe za protini katika mshipa, 26.9 kwa mia. Aghlabu ya madhara hayo ni madogo na hupona. Yale makubwa humpeleka mtu kwenye mashine ya kusafisha damu, au kaburini.

Mzee, mwenye kisukari, mwenye figo lililokwisha kuchoka, na anayekaa muda mrefu katika mashine, hao khatari yao ni zaidi. Lakini wako wawili wenye umri mmoja na maradhi mamoja, mmoja akatoka salama na mwengine akaharibikiwa. Hapo ndipo wanachuoni walipoanza kutazama urithi wa damu. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walitaja sehemu mbili katika urithi wa binadamu zilizoonekana kwenda pamoja na madhara hayo kwa waliotengenezwa mishipa ya moyo. Waliochunguzwa walikuwa wenye asili ya Ulaya. Hakuna Mmeru, wala Muembu, wala Mswahili ambaye jibu lake limo katika hesabu ile.

Kuhusu Waafrika kuna khabari nyengine. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba jeni iitwayo APOL1 ina sura mbili zilizotokea katika watu wa bara hili. Sura hizo hukinga damu na baadhi ya vijidudu vya malale viletwavyo na mbung'o. Lakini anayezirithi kwa baba na kwa mama pia, mafigo yake huwa karibu zaidi na maradhi. Ni nyingi Afrika ya Magharibi, na huku kwetu mashariki ni chache zaidi. Na hata aliyezirithi pande zote mbili, yumkini kubwa ni kwamba ataishi asiugue. Twalitaja hili ili msomaji aone kwamba kile kiitwacho kasoro ya damu kiliwahi kuwa ngao ya mababu.

Na wako waliokosea kwa kushika rangi badala ya urithi. Hesabu moja iliyotumiwa na matabibu wengi duniani kupima kazi ya mafigo ilikuwa ikimwongezea mtu mweusi karibu 16 kwa mia, ikawa baadhi ya wagonjwa huonekana wazima kuliko walivyo. Nyongeza hiyo ikaondolewa mwaka 2021. Tazama jinsi rangi isivyoeleza kitu! Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, penye bahari, wakiwakimbia watu wa nguo nyekundu. Na wako wanaodhani Mbwaa ni upande wa Manda, mkabala wa Lamu. Ikiwa ni hivyo, ndugu yetu aliyepanda kutoka pwani kwenda kufungua duka Meru aliifuata njia ya wenyeji wake mwenyewe.

Basi turudi kwa Bibi. Kusengenya ni kumtaja mtu, naye hayupo, kwa jambo alichukialo. Lakini wanachuoni wetu hawakulifunga neno hilo kwa kufuli. Wameruhusu kutajwa mtu pale anapodai mdhulumiwa haki yake, anapoulizwa mufti, na inapotakiwa nasaha ya kumkinga mtu na madhara. Suali la tabibu lilikuwa katika mlango huu wa mwisho. Tena kuugua figo si aibu ya marehemu hata ikawa kukutaja ni kumfedhehi.

Na kuna tafauti kubwa baina ya kunyamaza na kukana. Tabibu asiyejibiwa hutafuta. Aliyeambiwa hapana hutulia. Angejua, angepima mkojo na damu kwa makini zaidi, angeahirisha upasuaji siku kadha baada ya kutia ile dawa ya picha za mishipa inayoweza kulemea mafigo, na angejihadhari na baadhi ya dawa za maumivu. Hayo hayagharimu mali nyingi. Neno moja la Bibi limeyafunga yote, na atakayelipa si marehemu wala si yeye, bali ni kijana ambaye hakuulizwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nasi hatutaki kuidharau, kwani twazijua barza zetu. Mmoja katika darsa alisema kwamba siri ikifika hospitali hufika sokoni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda khabari za watu imeziweka khabari za afya na za urithi wa damu katika zile zenye hifadhi kubwa, lakini sheria haizibi mdomo wa mfagizi. Hilo twalikiri. Hata hivyo, maradhi ya mafigo ya ukoo si namna moja. Yako yale ya figo kujaa vifuko vya maji, ambayo kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya uwezekano wa kuyarithi. Na yako mengine ambayo urithi ni msukumo mdogo tu. Bibi hajui ni lipi, na kwa kuficha hatajua. Wasichana wale wangepimwa shindikizo la damu na mkojo, na kupigwa picha ya tumbo, huenda wangeonekana salama. Baadhi yetu walisema mposaji aambiwe hata asipouliza; wengine wakasema ajibiwe akiuliza. Sisi twaona aambiwe, kwa sharti naye aseme ya kwao, maana katika harusi zetu hukaguliwa upande mmoja tu kama mbuzi wa mnada.

Twahesabu mababu saba kwa majina, wengine hata kumi. Tukiulizwa wa tatu alikufa kwa nini, twajibu kwamba ilifika ajali yake.

Ndugu yetu alimwandikia tabibu yeye mwenyewe, bila ya idhini ya mamake. Upasuaji umeahirishwa, kijana anapimwa upya, na Bibi hajamsemesha mwanawe tangu siku hiyo. Ametuomba tumtungie maneno ya upole ya kumsomea mama yake. Tumeandika haya.