Jiwe la Njiani



Wengi wetu tuishio Marekani tumeiga desturi ya wenyeji ya kwenda kutembea msituni siku za mapumziko. Katika njia zisizo na vibao, anayetangulia hupanga mawe mawili matatu, moja juu ya jingine, ili ajaye nyuma asipotee. Watu huuhesabu huo kuwa wema usio na gharama. Nauliza: je, kila jiwe ni wema?

Tutazame Acadia, hifadhi ya taifa katika jimbo la Maine. Njia hupita chini ya misonobari, kisha miti huisha na kubaki mwamba mtupu wa itale. Hapo mguu hauachi alama, na ukungu wa bahari ukishuka mtu hajui aendako wala atokako. Mwanzoni mwa karne ya 20, Waldron Bates, aliyefariki mwaka 1909, alibuni alama yake: mawe mawili ya msingi, jiwe refu juu yake kama linta ya mlango, na jiwe dogo juu kabisa la kuonyesha njia. Alama za namna hiyo zingali zinatumika, na wapo watu wenye kazi ya kuzikagua na kuzijenga upya. Wageni huombwa wasiongeze jiwe wala wasiondoe.

Atakuwapo wa kuuliza: jiwe langu moja lina dhara gani? Jiwe likiondolewa mahali pake, udongo uliokuwa chini yake hubaki wazi kwa mvua. Hilo ni dhara, lakini lipo kubwa zaidi. Atakayeliona jiwe lako katika ukungu hawezi kulihoji: limewekwa na nani, lini, kwa kujua au kwa mchezo? Ataliamini tu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Awekaye jiwe la mapambo njiani amejikwaa ulimi, na atakayeumia kidole ni mtu mwingine. Sisi wahandisi hatuanzi kupima kutoka alama tusiyojua nani aliiweka; mpita njia hana nafasi hiyo.

Nasi, ndugu zangu, tu mawe ya njiani kwa wanaokuja nyuma yetu. Kijana akifika anauliza habari za makaratasi, shule na kazi. Tunamjibu kwa uhakika, ilhali sisi tulipita miaka 20 au 25 iliyopita, na sheria zimebadilika. Yeye hana la kupimia. Mzee kasema, naye anafuata. Wako wanaojibu hata njia ambayo hawakuipita, kwa kuona haya kusema hawajui.

Sisemi tunyamaze. Ajuaye akanyamaza naye amemwacha mwenzake katika ukungu. Nasema ushauri uwe na mwenyewe na tarehe yake. Huko msituni, chukua ramani na dira, na ukiona alama imeanguka waarifu watunzaji wa njia badala ya kubuni yako. Na kijana akija kukuuliza, mwambie: "Mwanangu, mimi nilipita hapa mwaka 1998, nikafika mpaka pale. Mbele ya pale sijui. Twende tukamwulize mwanasheria."