Siku ya Zawadi katika Chuo cha Wanawake

Hadhrat Khalifatul Masih II r.a. alifungua Jamia Nusrat, chuo cha wanawake, huko Rabwah, Pakistan, mwaka 1951. Mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu, juu ya ardhi ya chumvi.

Basi chuo cha namna hiyo kinapowatunza mabinti waliofaulu mwakani, huenda baba mmoja akanong'ona: Je, dini yaruhusu haya? Mtume s.a.w. amefundisha ya kuwa kutafuta elimu ni faradhi juu ya kila Mwislamu. Wengine huongeza "na kila Mwislamu mwanamke". Maneno hayo hayamo katika mapokezi ya Ibn Majah, wala hayahitajiki. Kwani binti yako si Mwislamu?

Tena Bibi Shifa r.a. alimfundisha Bibi Hafsa r.a., mkewe Mtume s.a.w., kuandika. Mtume hakukasirika, bali alimhimiza Bibi Shifa amfundishe na kisomo cha kutibia ugonjwa wa ngozi.

Na Mtume mwenyewe, mwalimu wa walimwengu, aliamrishwa amwombe Mola wake amzidishie elimu (20:115). Wewe unayesoma haya, binti yako yuko darasa la ngapi?