Tuchimbe Kwanza, Ndipo Tuseme



Kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, pako mahali paitwapo Engaruka. Tangu karne ya 15 hivi hata karne ya 18, wakulima wa hapo walileta maji ya mito ya mlimani kwa mifereji, wakagawa mashamba kwa kuta za mawe, yapata hekta 2,000. Kisha wakahama. Yamebaki mawe.

Louis Leakey alifika mwaka 1935, akatazama magofu, akakisia kwamba walikaa watu 30,000 na zaidi. Wataalamu wa mambo ya kale waliomfuata walichimba polepole, tabaka kwa tabaka, wakipima umri wa mkaa wa mekoni, wakiokota vigae na punje za mtama. Wakaona kwamba mashamba yote hayakulimwa wakati mmoja, na watu walikuwa wachache sana kuliko hao. Kwa nini walihama? Wengine wanataja maji kupungua, wengine udongo kuchoka, wengine wafugaji kuingia. Lakini hawasemi, "Walikuwa wajinga." Waliolima nchi kavu kwa miaka yapata 300 hawakuwa wajinga.

Je, sisi? Duka la jirani likifungwa, twasema ni mvivu. Ndoa ikivunjika, twasema ni laana. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwalimu, niliandika katika ripoti ya mtoto mmoja: "Hana juhudi." Baadaye nikaambiwa kwamba kila alfajiri alimwuguza mama yake kabla ya kuja shule. Niliona mawe, sikuchimba.

Katika Luka 13 Bwana Yesu anawakumbusha watu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hawakuwa wakosaji kuliko wenzao, asema; kisha awaita wasikilizaji wenyewe watubu. Papo hapo atoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba ataka ukatwe. Mtunzaji aomba mwaka mmoja zaidi, apate kuchimba kandokando yake na kutia samadi.

Wachimbaji wa Engaruka waliwakuta watu wamekwisha kwenda. Mtunzaji aliukuta mti ungali hai. Yule ndugu asiyeonekana kanisani tangu mambo yake yaharibike, yu hai bado. Juma hili nenda kwake, uketi, umsikilize.

Mungu atujalie moyo huo. Amina.