Mshauri wa Dereva

Ushauri ni johari, lakini thamani yake hutegemea jinsi mshauri anavyomjua anayemshauri. Tabibu ampaye mgonjwa dawa bila ya kumpima aweza kumdhuru kwa dawa ile ile iliyomponya jirani yake. Jambo hili la kale limezuka upya barabarani. Dereva wa lori kubwa siku hizi huongozwa na kifaa kidogo kilichowekwa mbele yake, kinachomwambia wapi apinde na wapi anyoke. Je, achague kifaa gani? Na akisha kukichagua, hukumu ya safari ni ya nani?

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mfumo wa setilaiti wa Marekani, uliotangazwa kuwa kamili mwaka 1995, una setilaiti zinazoizunguka dunia katika umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Kifaa kikipokea ishara za setilaiti nne huweza kupiga hesabu ya mahali kilipo. Kazi ya setilaiti hukoma hapo. Humjulisha mtu alipo, lakini hazijui kama mbele yake pana daraja. Njia ya kufuata hutokana na ramani iliyomo katika kifaa, na ramani ni kazi ya wanadamu, wenye kujua na kusahau.

Kampuni kama Garmin na TomTom hutengeneza vifaa vya magari madogo, na vingine vya malori. Kile cha gari dogo hakimwulizi dereva habari za gari lake; hutafuta njia fupi au ya haraka, basi. Kile cha lori huuliza kwanza: kimo chake ni kiasi gani, na upana, na urefu, na uzito, tena mzigo ni wa namna gani, kwani petroli na gesi hazipiti kila mahali. Kikisha kujibiwa hujaribu kuepuka madaraja ya chini, madaraja dhaifu na mitaa iliyokatazwa. Kwa sababu hiyo mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa magari ya mizigo imewashauri madereva wachague kifaa kilichotengenezwa kwa malori.

Mahali pa kuona bei ya kutoangalia kimo ni mji wa Durham, katika North Carolina. Huko lipo daraja la reli la mwaka 1940, ambalo nafasi iliyo chini yake ilikuwa futi 11 na inchi 8, yaani mita 3.56, ilhali malori makubwa ya Marekani hufika futi 13 na inchi 6. Vibao vya onyo vilikuwapo, na taa zilikuwapo. Hata hivyo malori, mengi yao ya kukodi, yalichunwa mapaa mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Oktoba 2019 daraja liliinuliwa hata futi 12 na inchi 4, na bado lilizidi kugongwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini lori haliwezi kuinama.

Wapo watakaosema kuwa kifaa cha lori ni ghali, na simu ina ramani isiyolipiwa. Hoja hii ina uzito kwa mtu wa mshahara mdogo. Walakini fedha anayoiweka akiba huenda ikalipwa na wengine: mpita njia aliye chini ya daraja, na abiria wa treni walio juu yake, ambao hawakuulizwa kama wanaridhia. Mtu aweza kubahatisha mali yake. Hana ruhusa ya kubahatisha maisha ya wenzake. Na ikiwa lori si lake, wajibu wa kununua kifaa humwangukia kwanza mwenye lori. Tajiri amnyimaye dereva mshauri mwema, kisha akamkata mshahara kwa ajali, hutenda dhuluma mara mbili.

Hata hivyo kifaa chema hakimfungui dereva katika wajibu wake. Ukweli wa kifaa hauzidi ukweli wa majibu kilichopewa. Tela iliyokuwa tupu jana yaweza leo kubeba mtambo mrefu, na kifaa kikaendelea kukumbuka kimo cha jana. Ramani isiyofanywa upya haina habari ya daraja lililoinuliwa wala la barabara iliyofungwa. Katika Uingereza sheria hutaka, kwa kawaida, kimo cha gari la mizigo lizidilo mita 3 kiandikwe ndani mahali dereva anapoweza kukisoma. Maana jicho lake ndilo la kulinganisha namba hiyo na ile ya kibao kilicho mbele. Kibao na kifaa vikihitilafiana, asimame, ajue ukweli kabla ya kuendelea.

Kuuliza si ujinga, na mshauri wa kuchaguliwa ni yule aulizaye kabla ya kunena. Lakini kila aulizaye hungoja jibu, na jibu la kweli juu ya mzigo hutoka kwa aubebaye. Kwa hivyo dereva anunuapo kifaa hununua msaada wa safari. Usukani, na lawama ya kuushika vibaya, hubaki mikononi mwake.