Nani Mwenye Kigari?

Mwaka jana nilifanya jambo ambalo kila mtu aliniambia ni zuri, na mpaka leo halijakaa sawa moyoni mwangu. Nilimsaidia mtoto kuuza kigari chake.

Kwanza niwaeleze kigari chenyewe. Tunaoishi Nakivale tunavijua vigari vya watoto, vya waya na vifuniko vya soda, lakini hiki kilikuwa kingine. Mwenyewe ni mvulana wa miaka kumi na moja, anakaa upande wa Rubondo na anakuja kwenye vipindi vyetu vya Jumamosi. Alichukua kopo la mafuta ya msaada, yale ya lita nne, akalikata na kulipigapiga kwa jiwe mpaka bati likawa bapa. Hana gundi wala kifaa cha kuchomea. Basi kila ukingo aliuachia vilimi vidogo, upande wa pili akatoboa matundu kwa msumari, akapitisha vilimi na kuvikunja kwa ndani. Magurudumu yalikuwa ya kandambili, ekseli ni spoki ya baiskeli. Lilikuwa lori kabisa, na bodi yake ya nyuma ilinyanyuka kumwaga mchanga. Chini alifunga kipande cha mpira wa chubu kwenye ekseli. Ukilivuta nyuma, mpira unajizungusha. Ukiliachia, linakimbia lenyewe hatua nne au tano.

Na kwenye mlango wa dereva, kwa sababu bati lilikatikia hapo, yalibaki maneno ya Kiingereza ya lile kopo, yanayosema kwamba hiki kitu hakiuzwi wala hakibadilishwi. Nilicheka nilipoyaona. Sikuyafikiria zaidi.

Basi akaja mgeni, Mjerumani, mtu mzima mpole, kuangalia kazi za vijana kwa siku tatu. Alipokiona kigari alichuchumaa pale pale kwenye tope na suruali yake safi, akakigeuza chini juu. Alipofika kwenye vile vilimi alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake mjini. Aliniambia kwao walitengeneza vichezeo hivyo hivyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, hasa mji wa Nürnberg. Walichapa rangi kwenye bati likiwa bado bapa, mashine ikakata vipande, kisha vikaunganishwa kwa vilimi na matundu. Ndani waliweka springi ya chuma iliyokunjwa, unaikaza kwa ufunguo, nayo inajifungua polepole na kusukuma magurudumu. Yaani nguvu ya mkono wa mtoto inawekwa akiba ndani ya chuma. Mtoto wetu aliiweka akiba kwenye mpira wa chubu, na hajawahi kuusikia mji wa Nürnberg.

Mgeni anakusanya vichezeo vya aina hiyo, akatuonyesha picha kwenye simu. Palikuwa na magari, meli, na dereva anayetikisika kwenye kiti. Palikuwa na kigari cha posta kinachovutwa na mbuni, kilichotengenezwa na kiwanda cha Lehmann cha mji wa Brandenburg, na juu yake ameketi mtu mweusi. Hicho kichezeo jina lake ni Afrika. Mvulana aliuliza, “Huyu ni nani?” Mgeni akaona aibu kidogo, akapitisha picha. Mimi nilihesabu kimoyomoyo: vichezeo hivyo viliuzwa wakati Wajerumani wanatawala Burundi, Rwanda na Tanganyika. Babu wa majirani zangu walikuwa hai. Lakini hayo ni mengine.

Kilichonishangaza zaidi ni habari ya sanduku. Mgeni alieleza kwamba kichezeo cha zamani kina bei, lakini kikiwa bado ndani ya sanduku lake la karatasi, bila mkwaruzo, bei inapanda sana. Niliuliza, sanduku la karatasi linaongezaje bei ya chuma? Akajibu, linaonyesha kwamba hakijachezewa. Nikanyamaza. Ina maana chenye thamani kubwa kuliko vyote ni kile ambacho hakuna mtoto aliyekigusa. Mtu alikitengeneza kwa ajili ya mtoto, mtoto hakukipata, na ndiyo maana leo ni ghali.

Basi akasema anakitaka kigari. Shilingi elfu hamsini. Atakichukua Ijumaa pale Mbarara, kwenye hoteli yake, kabla ya kuondoka. Akaongeza, kwa upole ule ule: tafadhali, mpaka Ijumaa mtoto asikichezee tena, kisije kikavunjika.

Nilikwenda kwa mama yake jioni hiyo hiyo. Wote tunajua hali tangu mwaka 2023 walipotupanga kwa makundi na mgao ukapunguzwa. Mama ana watoto wanne, elfu hamsini kwake si pesa ya kufikiria mara mbili. Alipiga makofi. “Mwalimu, Mungu akubariki.” Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema? Mvulana alikuwa amesimama mlangoni, kamba ya kigari mkononi. Akasema, “Haiko ya kuuzisha.”

Mama akamjibu, “Utatengeneza ingine.”

“Hii ni yangu.”

Mimi ndiye niliyemaliza maneno. Nilimwambia, “Sikiliza mama yako.” Nikaichukua ile kamba mkononi mwake. Sikuipokonya, lakini hakunipa pia. Wanaofanya kazi na watoto watajua ninachosema.

Kigari nilikifungia kwenye kabati la ofisi. Siku tatu mfululizo, jioni, mvulana alikuja dirishani. Hakuomba kitu. Watoto huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, na alikuwa anasema tu, “Yaya, nikiangalie.” Namfungulia kabati, anakiangalia, anakwenda. Siku ya tatu aliniambia gurudumu la nyuma kulia linabana kidogo, nimwambie mzungu alitie mafuta.

Ijumaa nilipanda taksi mpaka Mbarara nikiwa nimekipakata ndani ya mfuko wa plastiki. Kondakta aliuliza nauza bei gani. Pale hotelini mgeni alikifunga kwa gazeti na fulana yake, akakiweka katikati ya begi kama yai. Alinipa pesa zote bila kupunguza hata mia. Nilipita sokoni, nikanunua alivyoniagiza mama: unga, madaftari, viatu vya shule vya binti mkubwa, na chenji nikaileta. Kila kitu kilikuwa safi, hata risiti ninayo.

Sasa tujadili. Mwenzangu wa kazi alisema hiyo ndiyo maana ya kumwinua kijana: kipaji kimezaa pesa. Mzee mmoja wa block yetu alisema jambo halina mjadala, mtoto hana mali, mali ya mtoto ni ya mzazi, yeye mwenyewe anakula kwa nani? Na mimi sitaki kuwa mtu wa kusema pesa ni mbaya. Anayesema hivyo kambini ana mshahara.

Tena vichezeo ni biashara tangu zamani, na wakimbizi wameifanya. Pale pale Nürnberg palikuwa na Myahudi anaitwa Philip Ullmann, mwenye kiwanda cha vichezeo vya bati cha Tipp. Mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani, alikimbilia Uingereza. Akaanza upya katika mji wa Northampton na kampuni aliyoiita Mettoy, na ni kampuni hiyo iliyokuja kutoa magari madogo ya Corgi mwaka 1956. Mkimbizi alibeba ujuzi kichwani, na watoto wa nchi iliyompokea wakacheza. Au mtazame Mjapani Matsuzo Kosuge. Mwaka 1945, vita ikiwa imeisha tu na nchi haina bati, aliokota makopo matupu ya chakula ya wanajeshi wa Marekani, akatengeneza vijeep vidogo vya kuuza. Kopo la mgeni likawa kichezeo cha mwenyeji, kama hapa kwetu kabisa. Nikisoma habari hizo sioni kosa lolote la kuuza.

Kwa hiyo kosa liko wapi, kama lipo? Nimelizungusha swali hili usiku mwingi. Nadhani tofauti ni hii. Ullmann na Kosuge waliuza vitu walivyovitengeneza ili viuzwe, vikacheze na mtoto mwingine huko mbele. Mvulana hakutengeneza bidhaa. Alikuwa katikati ya mchezo. Lile lori lilikuwa na safari zake. Nilimsikia mara nyingi akilisukuma na kuita stendi: Bunagana, Kisoro, Kabale, Mbarara, Base Camp. Ndiyo njia waliyoijia. Lakini yeye alikuwa analigeuza Base Camp na kuita stendi hizo kwa kurudi nyuma, mpaka Bunagana, na wakati mwingine anavuka mpaka. Sisi tulichukua lori likiwa njiani.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, sisemi msinunue. Mngeweza kumwambia, tutengenezee lingine, na mkamlipa kazi. Hilo lingekuwa jambo lingine kabisa, maana lile la kwanza lingebaki lake. Hata mgeni wetu angekubali, sikumwambia tu. Nilikuwa na haraka ya kuleta habari njema. Na ile sharti ya kutokichezea mpaka Ijumaa, mimi ndiye niliyeitekeleza, tena kwa kufuli. Mtu alitaka kitu kwa sababu kimechezewa na mtoto wa kambini, halafu akaomba mtoto aache kucheza, nami nikaona ni ombi la kawaida.

Mzee wa block bado ananibishia. Ananiuliza: kama mvulana angekataa mpaka mwisho, ungemwacha dada yake aende shule bila viatu kwa ajili ya kopo? Sina jibu la haraka. Labda ningemwomba yeye, si mama yake. Labda ningekaa chini, nikamweleza habari ya viatu, nikamwachia usiku mmoja afikiri. Huenda angekubali, mtoto anampenda dada yake. Huenda angekataa, na hapo ningekuwa nimekwama kweli. Lakini hatukufika huko, kwa sababu sikumuuliza. Nilimuuliza kila mtu isipokuwa mwenye kigari.

Alichosema mama kilitimia. Alitengeneza kingine. Alitengeneza vitano. Vilimi vimenyooka kuliko vya kwanza, rangi ameomba kwa fundi wa milango, na milango yote haina maandishi, amechagua sehemu safi za bati. Nilipokwenda kwao mwezi uliopita alinivutia boksi kutoka chini ya kitanda akanionyesha. Kila kimoja kimefungwa kwenye mfuko wake wa plastiki. Hakuna chenye kamba.

Wakati tunaviangalia, mdogo wake wa miaka mitatu akanyakua kimoja na kukimbia nacho uani. Mvulana alimkimbilia, akamsukuma, mtoto akaanguka na kulia. Alirudi na kigari, akakipangusa kwa shati lake, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Palikuwa na mstari mwembamba kwenye bodi, urefu wa kucha.

“Yaya,” akaniuliza, “na hii atanunua?”